Nukta za silikoni zinang'aa, lakini rangi imechafuka: nianzie wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nafanya utafiti wa nukta za kwanta za silikoni, yaani chembe za silikoni za nanomita chache tu. Nilichoma haidrojeni silisikwioksani (malighafi yenye silikoni, oksijeni na haidrojeni) kwenye tanuru kwa nyuzi 1,100 za Selsiasi, nikaondoa oksidi kwa asidi ya haidrofloriki, kisha nikazivisha nukta dodesini, haidrokaboni ya kaboni 12. Zinang'aa nyekundu chini ya taa ya nm 365. Kilele kiko nm 720, upana wake kwenye nusu ya kimo ni nm 140, na kuna nundu ya buluu karibu na nm 440. Msimamizi wangu anataka upana ushuke chini ya nm 60 ili tupate "usafi wa rangi". Nilijaribu kurefusha muda wa asidi, upana ukazidi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo matatu, na nahisi msimamizi wako ameyafunga yote kwenye kifurushi kimoja. Upana wa kilele ni jambo moja, usafi wa rangi ni jingine, na hiyo nundu ya buluu ni la tatu. Kwa maoni yangu nundu ndiyo inayokuharibia rangi kuliko upana wote huo. Hata hivyo nitaanza na lengo la nm 60, kwa sababu ukilifukuzia bila kulipima kwanza utapoteza miezi.

Silikoni si kadimi selenaidi, ile inayotumika sana kutengeneza nukta za kwanta. Katika kadimi selenaidi, elektroni hushuka kukutana na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni) na fotoni ikatoka moja kwa moja. Katika silikoni, elektroni na tundu hazina momenta (kiasi cha mwendo) sawa, kwa hiyo zinahitaji mtu wa tatu wa kusawazisha hesabu. Huyo ni fononi, yaani mtikisiko wa kimiani cha atomi, na ile inayofanya kazi hiyo zaidi ina nishati ya karibu meV 57 (meV ni sehemu ya elfu moja ya eV, kipimo cha nishati). Kuifinya silikoni hadi nanomita chache hulilegeza sharti hilo bila kulifuta. Ndiyo maana hata ukiitenga nukta moja tu, ukaiweka peke yake chini ya hadubini kwenye joto la kawaida la chumba, bado mwanga wake una upana wa kati ya meV 100 na 150 hivi. Hiyo ndiyo sakafu. Wala haitokani na uchafu: mwaka 2005 Ilya Sychugov, Jan Linnros na wenzao wa Stockholm walizipooza nukta moja moja hadi kelvini 35 wakapata mstari wa karibu meV 2. Nukta ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Joto ndilo lililokuwa likiitikisa.

Sasa ibadilishe sakafu hiyo iwe nanomita. Zidisha urefu wa wimbi kwa wenyewe, zidisha na upana wa nishati kwa eV, gawanya kwa 1,240. Kwa kilele cha nm 720 na upana wa meV 130, utapata nm 54. Yaani msimamizi wako anakudai nm 60 mahali ambapo nukta moja, bila ndugu zake wa ukubwa tofauti, tayari inakula 54. Zimebaki nm 6 za kugawana na mapungufu mengine yote duniani.

Upana wako wa nm 140, kwa njia ileile, ni karibu meV 335. Ukiondoa sakafu (upana wa aina hizi mbili hujumlishwa kwa miraba, hautolewi moja kwa moja), zinabaki kama meV 309 zinazoletwa na tofauti za ukubwa. Kuna kanuni ya Delerue, Allan na Lannoo ya mwaka 1993 inayosema pengo la nishati ni 1.12 jumlisha 3.73 gawanya kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha 1.39, kipenyo kikiwa kwa nanomita na nishati kwa eV. Ni kanuni ya nukta safi zilizofunikwa haidrojeni, na nukta halisi hutoa mwanga wa nishati ya chini kuliko inavyotabiri, lakini mteremko wake unatosha kwa kazi yetu. Kwa nukta za nm 3, mtawanyiko wa asilimia 10 wa kipenyo huleta upana wa karibu meV 265 peke yake. Zako basi zinatawanyika kati ya asilimia 12 na 16, kutegemea kipenyo utakachokipima kwa hadubini ya elektroni.

Tuseme umefaulu kushusha mtawanyiko hadi asilimia 5. Jumla inashuka hadi karibu meV 186, yaani nm 78. Ushushe tena hadi asilimia 3: meV 152, yaani nm 64. Unaona mkokoteni unavyozidi kuwa mzito? Hatua ya kwanza ilikupa zaidi ya nm 60, ya pili inakupa 14. Na asilimia 3 ya nm 3 ni nm 0.09, wakati kifungo kimoja kati ya atomi mbili za silikoni kina urefu wa nm 0.235. Nukta ya ukubwa huo ina atomi 700 hivi. Unatakiwa uzipange nukta zote zilingane kwa kiwango kilicho chini ya nusu ya kifungo kimoja. Mpelekee msimamizi hesabu hii kwa adabu, na umwambie lengo la nm 80 ni la mtafiti hodari, na la 60 halipatikani kwa kemia peke yake kwenye joto la chumba.

Hesabu hiyohiyo inakueleza kwa nini asidi ilikuongezea upana. Asidi haichagui. Inakula oksidi, na uso wa nukta unapopata oksijeni tena inaendelea kula, ikipunguza kila nukta unene unaokaribia kuwa sawa. Chukua nukta za nm 3.5 zenye mtawanyiko wa nm 0.35, yaani asilimia 10. Zimege nanomita moja kila moja: sasa ni nm 2.5 na mtawanyiko ni uleule 0.35, lakini umekuwa asilimia 14. Juu ya hapo, kadiri nukta inavyokuwa ndogo ndivyo nishati yake inavyokuwa nyepesi kubadilika kwa tofauti ndogo ya kipenyo. Umelipa mara mbili. Anayetaka kusogea kuelekea rangi ya chungwa kwa kurefusha asidi hujikuta na kilele kipana zaidi, kila mara. (Na kwa kuwa umeitaja asidi hiyo: jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani kabla chupa haijafunguliwa. Asidi ya haidrofloriki hupenya ngozi kimyakimya na maumivu huja baadaye.)

Nageukia usafi wa rangi wenyewe, na hapa nina habari njema ambayo wengi hawaitarajii. Usafi wa rangi hupimwa kwenye ramani ya rangi ya CIE (tume ya kimataifa ya mwangaza) ya mwaka 1931: unaweka alama ya mwanga wako, unapima iko umbali gani kutoka nyeupe na imekaribia kiasi gani ukingo ambako rangi za wimbi moja tupu zinakaa. Ukingo huo umepinda sana upande wa kijani na buluu. Lakini kuanzia karibu nm 560 hadi mwisho wa nyekundu unakaribia kuwa mstari ulionyooka kama uzi, kwa kuwa kihisi cha buluu cha jicho huko hakipokei karibu chochote. Sasa ukichanganya mawimbi mawili yaliyo kwenye mstari ulionyooka, mchanganyiko unabaki kwenye mstari uleule. Kwa hiyo kilele chekundu chenye upana wa nm 140, kama mkia wake hauvuki nm 560, bado kinakaa ukingoni na usafi wake unasomeka karibu asilimia 100. Laiti ungekuwa unatafuta kijani, upana huo ungekuangamiza.

Kinachoharibika kwa upana ni aina ya nyekundu, pamoja na mwanga unaopotea. Jicho linaona nm 630 kwa asilimia 26.5 ya uwezo wake wa juu kabisa, nm 650 kwa karibu asilimia 11, na nm 700 kwa asilimia 0.4 tu. Kilele chako kiko 720, mahali ambapo jicho limekwisha kufumba. Unachokiona chini ya taa ni bega la kushoto la kilele, lile linalofika 620 na 640, na ndilo linaloamua rangi. Ukikipunguza upana bila kuhamisha kilele, utapata nyekundu iliyokoza zaidi lakini yenye giza. Watu watasema nukta zako zimefifia hali zinatoa fotoni zilezile. Kama mradi wenu ni wa skrini, kumbukeni kwamba nyekundu ya BT.2020, kiwango cha rangi za televisheni, ni nm 630, kwa hiyo kuhama kuelekea huko kuna maana kuliko kukonda. Kama ni wa kupiga picha za tishu, achana na CIE kabisa, 720 ni mahali pazuri na kinachokuhusu ni upana kwa nanomita. Sijui ni upi kati ya hiyo miwili ulio wenu, ila amueni kabla ya kuendelea.

Sasa nundu. Kwenye ramani ile, wati moja ya mwanga wa nm 440 ina uzito wa jumla wa 2.118, na wati moja ya nm 680 ina uzito wa 0.064. Tofauti ni mara 33. Nundu inayoonekana kama kichuguu kwenye grafu yako inaweza kuwa mlima machoni mwa CIE. Na kwa sababu nundu za aina hii huwa na mkia unaoburuzika hadi kwenye kijani, zinaivuta rangi kwenda ndani, kuelekea nyeupe, hadi nyekundu inageuka waridi. Hata kama ingekuwa nyembamba bado ingekupa zambarau. Ndiyo maana nasema uanze nayo.

Kwanza hakikisha unachokiona kwenye grafu, nundu na kilele, kipo kweli, na hapa naomba uniwie radhi kwa kukurudisha kwenye mambo ya mwanzo. Unachochea kwa nm 365. Kipasua-mwanga cha ndani ya spektromita huutokeza mwanga huo pia kwenye mara mbili ya urefu wake, kwa hiyo 365 inaweza kujitokeza kwenye 730, juu kabisa ya kilele chako cha 720. Weka kichujio kinachozuia kila kitu chini ya nm 400 mbele ya kitambuzi, upime upya. Niliwahi kuona kilele "chembamba cha ajabu" kikisherehekewa wiki nzima, kumbe ni taa. Pili, kitambuzi chako kinaona vizuri kiasi gani kupita nm 800? Vingi huanza kusinzia huko, na bila kurekebisha kwa mwitikio wake utakata bega la kulia la kilele na kujidanganya kuhusu upana. Na unapogeuza spektra kutoka nanomita kwenda eV, usibadilishe mhimili wa chini tu. Kimo nacho lazima kizidishwe kwa mraba wa urefu wa wimbi, la sivyo kilele kipana kama chako kitahama mahali.

Baada ya hapo tumia saa. Mng'ao mwekundu unaotoka kwenye kiini cha silikoni ni mvivu. Unadumu makumi ya maikrosekunde, wakati mwingine zaidi ya 100, kwa sababu ileile ya kungoja fononi. Mng'ao wa buluu unaotoka usoni au kwenye takataka huzimika ndani ya nanosekunde. Chochea kwa leza ya mapigo, subiri maikrosekunde 1, ndipo ufungue kitambuzi. Mwekundu wenye uhai wa maikrosekunde 50 utakuwa umepoteza asilimia 2 tu, na buluu itakuwa imekufa yote. Kama nundu imetoweka na kilele kimebaki kilivyo, una vitu viwili tofauti kwenye chupa moja, na hilo ni jambo jema kwa kuwa vinaweza kutenganishwa.

Takataka ya kawaida kabisa ni dodesini yenyewe. Ikipashwa moto kwa saa nyingi huku hewa ikijipenyeza, inaweza kuacha mabaki yanayong'aa buluu. Jaribio lake ni rahisi na wachache hulifanya: pasha dodesini tupu, bila silikoni, kwa joto na muda uleule, kisha ipime. Ikiwa nayo inang'aa buluu, kesi imekwisha. Itoe gesi kwa mizunguko kadhaa ya kugandisha na kuvuta hewa kabla ya kuipasha, na baadaye zioshe nukta kwa toluini na ethanoli mara tatu angalau, ukimwaga kimiminika cha juu kila mara.

Ikiwa kipimo cha dodesini tupu kimekuja safi, chunguza uso. Mwaka 2013 kundi la Jonathan Veinot la Chuo Kikuu cha Alberta lilionyesha kwamba silikoni iliyotengenezwa kwa njia tofauti inaweza kuangukia nyekundu au buluu kutokana na kemia ya uso, na kwamba mabaki madogo ya naitrojeni, yakiwepo pamoja na oksijeni, yanatosha kuleta buluu. Kwa hiyo piga msako: chumvi za amoniamu zilizotumika kama sabuni, amini, viyeyusho vyenye naitrojeni, chombo kilichotumiwa na mwenzako jana. Oksijeni peke yake ina ubaya wake. Wolkin na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba kwenye nukta zilizo chini ya nm 3 hivi, kifungo cha silikoni na oksijeni hutega elektroni na kuifungia rangi karibu na eV 2.1, hata ukizidi kupunguza ukubwa. Wanaojaribu kufika kijani kwa kupunguza tu kipenyo hukwama hapo. Nukta zihamishwe kutoka kwenye asidi hadi kwenye dodesini bila kuona hewa, na kwa haraka.

Neno moja la pembeni, kwa kuwa najua utakutana nazo: zile njia za mkato za kupika "silikoni ya buluu" kwenye maji kwa maikrowevu, kwa kuchanganya silani yenye amini na sitrati. Nyingi ya mwanga huo una dalili zote za kutoka kwenye kaboni. Usizilinganishe na zako, wala usivunjike moyo kwa upana wake mzuri.

Uso ukishatulia, rudi kwenye ukubwa. Njia ya bei nafuu ni kuziangusha kwa zamu. Yeyusha nukta kwenye toluini, dondoshea methanoli taratibu huku ukikoroga, na mara ukungu wa kwanza unapotokea simama, zungusha kwenye sentrifuji. Zilizoanguka ni kubwa. Ongeza methanoli kidogo kwenye kilichobaki, rudia. Mafungu ya katikati ndiyo utakayoyapenda. Ya mwanzo na ya mwisho yana mchanganyiko wa kila kitu. Sharti lake ni kwamba uvishaji wa dodesini uwe sawa kwenye nukta zote, kwa sababu nukta ndogo iliyovishwa nusu huanguka pamoja na kubwa, na ndipo unaposhangaa kwa nini kila fungu lina kilele kilekile. Njia ya pili ni sentrifuji ya kasi kubwa yenye tabaka za kimiminika za msongamano tofauti, ambayo kundi la Geoffrey Ozin la Toronto liliitumia vizuri. Mwaka 2013 wao na wenzao wa Karlsruhe walitengeneza diodi za silikoni zinazotoa mwanga wa rangi mbalimbali kwa nukta zilizotengwa kwa ukubwa, na kutenga ukubwa kukasaidia pia diodi kudumu. Ubaya wa njia zote mbili ni mavuno. Ukianza na miligramu 100, jiandae kufurahia chache.

Usitenge kabla ya kumaliza uso. Fungu lililotengwa vizuri likashikwa na oksijeni baadaye litapungua kiini bila mpangilio, na kazi yote inarudi sifuri.

Kuna njia ya kuvuka sakafu, lakini haitibu nukta. Ni kuiweka silikoni kati ya vioo viwili vyembamba, ili urefu mmoja wa wimbi tu ndio upate njia ya kutoka. Silikoni yenye vinyweleo, ileile ambayo Leigh Canham aliionyesha mwaka 1990 iking'aa nyekundu kwenye joto la chumba, hutengenezwa vioo hivyo kwa kupandisha na kushusha mkondo wa umeme wakati wa kuichimba kwenye asidi: tabaka za vinyweleo vingi, tabaka za vinyweleo vichache, kwa zamu. Vilele vya chini ya nm 20 vimepatikana hivyo tangu miaka ya 1990. Gharama yake utaiona ukiinamisha kichwa, kwa kuwa rangi huhama kuelekea mawimbi mafupi kadiri pembe inavyoongezeka. Kwa kihisi ambacho hakiondoki mahali pake hilo halidhuru. Kwa skrini ya kutazamwa na watu watatu kutoka pande tatu, ni tatizo.

Kwa hiyo wiki hii acha asidi ipumzike. Weka kichujio, pima dodesini tupu, pima nukta zako baada ya maikrosekunde 1, kisha pima kipenyo cha nukta 200 angalau kwa hadubini ya elektroni ili tujue mtawanyiko ni 12 au 16. Spektra ya kabla na ya baada ya kusubiri zichore kwenye mhimili mmoja wa eV, uniandikie tena ukiwa nazo, na useme kama mradi ni wa skrini au wa tishu.